Unga wa Mvule

Mwalimu Ndeshukurwa aliileta Jumanne,
Landrova fupi, ya kijani kilichochoka kuwa kijani,
mlango wa kushoto umefungwa kwa mpira wa baiskeli.
"Inalia," akasema.
Inaliaje?
"Kama mtu anayetaka kuimba na hajui wimbo."
Nikampenda hapohapo. Wengi husema tu: kelele.

Tukapanda barabara ya Kibosho, vioo vyote chini.
Sikio langu la kulia lililiwa na grenda zamani,
kwa hiyo naendesha nimepinda shingo
kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe.
Gia ya pili: mlio. Gia ya tatu: mlio uleule.
Giaboksi nikaiachia huru, haina kesi.
Nikikanyaga mafuta, mnong'ono.
Tukageuza penye mibuni, tukashuka,
nikainua mguu,
na mteremkoni ikaanza, uuuuu, nyembamba,
kutoka chini ya kiti cha nyuma,
ikifuata mwendo wa magurudumu, nyutro haijali.
Difu, nikasema. Beringi ya pinioni.
Mwalimu akaandika kiganjani mwake.

Gerejini Pasua nilifungua nati ya chini.
Oili haikutoka.
Nikachokonoa kwa waya.
Ukatoka uji, mweusi, mzito,
kama machicha ya mbege yaliyosahaulika pipani.
Nikaufikicha kwa vidole: nyuzi. Punje. Mbao.
Anaeli, kijana wangu, akacheka hadi akakaa chini.
"Nani kailisha gari pumba?"

Mimi nilinusa.

Tukachomoa ekseli, tukashusha propela,
difu lote likaja mapajani mwangu, zito kama ndama,
na gasketi yake ilikuwa jalada la daftari.
Jedwali la kuzidisha. Mara sita, mara saba,
tundu la bolti limekula jibu la saba mara nane.
Pembeni, kwa kalamu ya wino: F. Kiwe
na mengine yamekatwa na kisu.
Kisu kilikuwa changu. Jina pia.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano.
Bosi Ndetaulwa alitazama saa yake ya mkononi:
mnunuzi anakuja saa tisa, anataka gari lisilolia.
Nikakimbia kwa seremala wa jirani
nikarudi na kofia imejaa unga wa mvule.
Likanyamaza, wallahi, kama mtoto aliyepewa titi.
Nikapewa elfu mbili na chapati.
Wahenga walishasema juu ya kimya kingi.
Mimi nilikipima kwa kofia.

Siku nne.
Dizeli ya kuoshea, mara tatu, halafu tena.
Beringi zikaja kwa basi kutoka Arusha, zimefungwa kwa gazeti.
Meno ya krauni nikayapaka rangi ya mdomo ya mke wangu
(Aisia hajui, au anajua),
nikazungusha kwa mkono, nikasoma linavyouma:
pembeni mno.
Shimu moja, nyembamba kuliko ganda la kitunguu.
Bado.
Nyingine. Nikaitoa. Nikairudisha.
Hata alama ikatua katikati ya jino,
pana, tulivu,
busu la mtu asiye na haraka.

Ijumaa nikamwambia: utabaki mlio mdogo ukifika hamsini.
Huo ni wa uzee, mwachie.
Mtu akikuahidi kuuondoa kwa nusu saa,
chukua ufunguo wako uondoke.

Kwenye risiti niliandika beringi, sili, oili.
Mstari wa ufundi nikauacha wazi.
"Na ule unga uliingiaje?"
Jalada lilikuwa mfukoni mwa shati langu,
oili imeshapenya mpaka kifuani.
Nikamkabidhi.
Akalisoma polepole, kama anayesahihisha,
akalinyanyua kwenye mwanga, jicho lake tunduni,
akaniangalia kupitia hapo.
"Saba mara nane?"

Hamsini na sita, nikasema,
nimesimama wima, mikono nyuma.